Mtumbwi si umaskini

Singida wengi mnaijua kwa alizeti na kuku wa kienyeji. Lakini huku kuna maziwa pia: Singidani na Kindai pale mjini, na Kitangiri kule Iramba, ambako watu wanaishi kwa uvuvi.

Sisi wa magazeti mtumbwi tunauandika siku umezama. Siku nyingine zote tunauona alama ya umaskini tu.

Wenzetu wa Hawaii waliamua vingine. Mwaka 1975 walizindua Hōkūleʻa, chombo cha tanga kilichoundwa kwa mfano wa mitumbwi ya mababu zao. Mwaka 1976 wakaenda nacho hadi Tahiti bila dira, wakiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, aliyesoma nyota na mawimbi. Kuna wasomi waliodai mababu hao walifika visiwani kwa kupeperushwa tu. Jibu wakalipata baharini.

Sasa sisi je? Mzee anayejua mti upi unafaa kuchongwa mtumbwi, na namna ya kuuchonga usipasuke, ni chuo kizima. Tumhoji angali hai, jamani. Tusisubiri ajali.