Mguu wa Tisa

Nilikulia Mombasa, mtoto wa kuli wa Kilindini, na nilipomaliza shule niliingia moja kwa moja kwenye karakana ya redio za meli. Mzee aliyenifunza kazi alifariki Rajabu iliyopita. Pale alipokuwa akifanyia kazi sasa panauzwa makava ya simu. Ubishi wake kuhusu skana za redio mimi sijauzika.

Skana hutengenezwa kwa ajili ya masikio. Sauti ikitoka kwenye diskrimineta, sehemu inayoitoa kwenye mawimbi ya FM, hupitishwa kwenye vichujio vinavyokata chini ya hezi 300 na juu ya 3,000, ndipo ifike kwenye spika. Maneno husalimika, data hufa. Kufikia mwisho wa 2004, meli za mizigo za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zilitakiwa kuwa na AIS, mfumo wa utambulisho wa meli unaotangaza jina na mahali meli ilipo kwenye megahezi 161.975 na 162.025, biti 9,600 kwa sekunde. Mawakala wa meli wakatuletea skana ili waone meli zao kwenye kompyuta. Kupitia tundu la hedifoni hawakuambulia kitu.

Mzee alifungua redio, akatafuta chipu yenye diskrimineta (redio nyingi za zamani zilikuwa na MC3361), akachomelea waya kwenye mguu wa 9, kabla ya vichujio na kabla ya skwelchi, kinachonyamazisha spika ishara isipokuwepo. Ukizungusha kitasa cha sauti na mkwaruzo usibadilike, umegusa penyewe.

Ugomvi ulikuwa wa kapasita kwenye waya huo. Fundi mmoja wa mtaa wa pili aliweka ya mikrofaradi 0.01, akajisifu kwamba analinda chipu. Kapasita hiyo, ikikutana na kadi ya sauti yenye ukinzani wa kiloohmu 10, inadhoofisha kila kilicho chini ya hezi 1,600, na zaidi kadiri unavyoshuka, na AIS ina nguvu nyingi huko chini. Chipu hulindwa na rezista ya kiloohmu 10. Kapasita, ikibidi, iwe ya mikrofaradi 10. Wateja wake walikuja kwetu. Mzee akawarekebishia bila kumtaja mtu.

Vijana, najua tangu 2012 vijipokezi vya USB vyenye RTL2832U vimewaondolea solda. Lakini nawaona mkiipitisha data kwenye kichujio cha sauti ndani ya programu, kisha mnalaumu antena. Kosa ni lilelile, limehamia kwenye skrini. Kizimeni kichujio hicho, zimeni na skwelchi, ndipo mfungue dikoda.