Chekeamwezi wa Sori na mraba mtupu kwenye ramani

Wasomaji wangu, samahani kwa ukimya wa wiki tatu. Wale mnaosubiri sehemu ya pili ya mfululizo wa hifadhidata, ipo njiani. Leo naandika kuhusu ndege. Msikimbie, hifadhidata itaingia humu humu.

Mimi ni mtoto wa Sori, pale Karungu, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kwetu ndege alikuwa kitu cha kufukuza. Mama aliuza omena, na omena zikianikwa juani kwenye nyavu, mwewe na nyangenyange hupata habari kabla ya wateja. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukaa hapo na kokoto mkononi. Mtu angeniambia kuna watu wanaolipa pesa ili waonyeshwe ndege, ningemuuliza kama nafasi za kuonyesha bado zipo.

Juni 2012 nililipa mimi mwenyewe. Nilikuwa Oulu, kaskazini mwa Ufini, kwa mkataba wa miezi minane wa kuandika programu. Majira ya joto yakifika, mji ule unahama. Wenzangu wote walienda kwenye vibanda vyao vya likizo kando ya maziwa, nikabaki ofisini na mashine ya kahawa. Nikaona tangazo la safari ya siku mbili ya kutazama ndege msituni, Kuusamo, yapata kilomita 200 kutoka Oulu. Bei sitaitaja, mke wangu anasoma blogu hii.

Tulianza kutembea saa nane usiku. Hapo karibu na Mstari wa Aktiki mwezi wa Juni hakuna giza, na ndege huimba zaidi saa hizo. Msitu wenyewe ni misonobari na misprusi mirefu isiyo na mwisho, na katikati betula zenye magome meupe. Chini ni kuvu na mbu. Mbu wa huko hawana malaria lakini wana njaa ya mwaka mzima. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, darubini shingoni, hasemi ila pale penye la kusema. Siku hizi kuna Merlin, programu ya Cornell ambayo tangu 2021 inasikiliza sauti ya ndege kwa simu na kukupa jina. Sisi mwaka ule tulikuwa na masikio ya mwalimu, na sikumwona akikosea.

Alituonyesha kuukkeli, ndege wa kahawia mwenye mkia wenye rangi ya kutu, jamaa ya kunguru, aliyekuja mwenyewe hadi kwenye tawi la karibu kuangalia kama tuna soseji. (Tulikuwa nazo.) Wenzangu wanne kwenye msafara walitaka bundi, na bundi hakutokea. Mimi, kusema kweli, nilishaanza kuhesabu saa.

Halafu tukatoka msituni tukaingia kwenye kinamasi kikubwa chenye mbao za kukanyagia. Juu kabisa ya msonobari uliokauka alikaa ndege mdogo mwenye miguu mirefu, mgongo wa kahawia wenye vidoa vyeupe, nyusi nyeupe, akipiga kelele kama kengele ya mlango wa duka. Nikasema kwa sauti: huyu namjua. Wote wakageuka.

Mwalimu akaniuliza natoka wapi. Akafungua kitabu chake kwenye ukurasa wa ramani. Rangi moja, ya mahali wanapozaliana, ilifunika ukanda wote wa misitu kuanzia Skandinavia hadi Siberia. Rangi nyingine, ya wanapokaa miezi mingine, ilifunika karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, ziwa letu likiwa ndani. Akasema, "Kwa Kifini anaitwa liro. Hapa anakaa miezi miwili, mitatu. Inayobaki ni yenu."

Kwa Kiswahili ndege wa jamii yake wanaitwa chekeamwezi. Nilicheka peke yangu, kwa sababu mahali pale usiku ule hapakuwa na mwezi wa kuchekea. Lakini nilimjua kutoka kwenye tope la nyuma ya nyavu za mama, ambako alikuwa akitembea akichomachoma kwa mdomo, mmoja kati ya wale ambao hatukuwatupia kokoto kwa kuwa hawali omena. Kutoka Kuusamo hadi Sori kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 7,000. Si lazima awe ndege yule yule, wanaofika kwetu wanatoka kote kwenye ukanda ule. Kilichonishangaza zaidi ni vifaranga. Wazazi hutangulia, na watoto huondoka baadaye bila wao, kwenda mahali ambapo hawajawahi kupaona. Ramani wamezaliwa nayo, kama programu iliyochomwa kwenye chipu kiwandani.

Na hapo, juu ya mbao zile, nikakumbuka daftari.

Mama alikuwa na daftari la madeni. Nani amechukua debe ngapi, nani hajalipa. Kwa kuwa wavuvi wa omena hutumia taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa, aliandika pia hali ya mwezi kila siku. Pembeni aliandika mambo mengine: mvua, upepo, bei. Na kila mwaka, mahali fulani karibu na Agosti, maneno mawili ya Kijaluo: winy osebiro. Ndege wamefika. Sikuwahi kumuuliza ndege gani, wala kwa nini aliandika. Nadhani ilikuwa njia yake ya kujua mwaka umefika wapi.

Madaftari yalikuwa mengi, yalijaa sanduku la bati. Mama alifariki 2009. Tulipokuwa tukisafisha nyumba baada ya mazishi, mimi ndiye niliyeyachoma pamoja na takataka. Siku hiyo hiyo begani nilikuwa na begi lenye diski mbili za bekapu za msimbo wangu, kwa sababu sikuamini moja ingetosha. Msimbo ule hakuna anayeutumia leo.

Nilirudi Kenya 2014. Mwaka mmoja kabla, mradi wa Kenya Bird Map ulikuwa umeanza. Sasa wale wa hifadhidata mkae sawa. Atlasi ya ndege wa Kenya iliyochapishwa 1989 iligawa nchi kwa miraba ya dakika 30 kwa 30, kama kilomita 55 kila upande. Mradi mpya unatumia miraba ya dakika 5 kwa 5, kama kilomita 9, yaani mraba mmoja wa zamani unatoa 36. Unaingia kwenye mraba, unatazama kwa saa mbili angalau, unaandika kila aina kwa mpangilio ulivyoiona, na simu inatuma orodha. Programu wanayotumia inaitwa BirdLasser.

Uzuri wake ni zile saa mbili. Mwandishi yeyote wa SQL anajua kwamba sehemu tupu si sifuri. Sifuri maana yake tumeangalia, hatukuona. Tupu maana yake hatukuangalia. Ukijua watu walitafuta mara ngapi, ukosefu wa ndege unaanza kuwa na maana. Usipojua, ramani inakuonyesha walikotembea watazamaji tu. Wageni wa ziwani huenda Dunga, kule Kisumu, kumtafuta yule ndege wa mafunjo mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Sori hawafiki. Nilipofungua mraba wa kwetu nikamtafuta chekeamwezi, palikuwa patupu. Miaka yote ya mama, tupu.

Nilichelewa kwenda, visingizio mnavijua. Desemba 2023 nikafika na darubini ya kuazima. Tope la nyavu za mama halipo. Ziwa lilipanda 2020 hadi likapita rekodi ya 1964, na liliposhuka kidogo halikurudisha ufukwe nilioujua. Nilisimama mahali nilipodhani ndipo, naangalia magugu maji. Saa nzima niliona mnandi, furukombe mmoja na watoto wanaonicheka.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, anaendesha bodaboda pale mjini. "Nera," akaniambia, maana mimi ni mjomba wake, "unatafuta wale wa miguu mirefu wanaotikisa matako? Wamehamia shamba la mahindi lililozama. Panda."

Akanipeleka. Alijua pale kwa sababu hupita kila siku na abiria, na alijua pia pa kusimama ili jua liwe nyuma yetu, jambo ambalo mimi nilifundishwa kwa euro. Tulihesabu chekeamwezi saba. Nilimpa darubini akaishika muda mrefu, akisema anaona hadi vidoa. Saa mbili zilipoisha tulikuwa na aina 38, na theluthi moja ni yeye aliyeziona kwanza. Nilipobonyeza kutuma, mtandao ukagoma. Tulipanda hadi kilimani ndipo ikaenda.

Nilimwekea programu kwenye simu yake na kumlipa kama nilivyomlipa mwalimu wa Kuusamo, ukiondoa nauli. Alidhani nimekosea sifuri.

Tarehe 11 Agosti 2024, saa moja asubuhi, nikiwa Nairobi kwenye foleni ya matatu, ujumbe ukaingia kutoka kwake. Sikuwahi kumsimulia habari za daftari. Aliandika: Nera, winy osebiro. Nikamjibu atume picha. Akasema kioo cha kamera kimepasuka, lakini ni watatu, na amekaa nao saa mbili kamili.