Komotini: Mji wa Jina Linaloshindaniwa

Wasomaji wetu, tufunguapo ramani ya Ulaya na kutazama pembe ya kaskazini-mashariki ya Ugiriki, twaiona Thrakia ya Magharibi, na ndani yake mji wa Komotini, ambao Waturuki huuita Gümülcine. Sokoni mwake imesimama misikiti miwili ya kale: Eski Cami, yaani Msikiti wa Zamani, na Yeni Cami, yaani Msikiti Mpya, wenye mnara wa saa ubavuni.

Waislamu hao walibakije huko? Katika mapatano ya Lausanne ya mwaka 1923, Ugiriki na Uturuki zilibadilishana watu zaidi ya milioni moja, wakang'olewa makwao kwa lazima. Walioachwa ni Wagiriki wa Istanbul na Waislamu wa Thrakia ya Magharibi. Hawa wa Thrakia leo hukadiriwa kuwa laki moja au zaidi kidogo.

Mapatano yaliwataja kwa dini yao, na serikali ya Ugiriki hushikilia neno hilo: Waislamu, si Waturuki. Husema pia kwamba miongoni mwao wamo Wapomak na Waroma, na hilo ni kweli. Lakini wengi wao hujiita Waturuki, na mtu kunyimwa jina ajiitalo si jambo dogo. Mwezi wa Januari 1990 tabibu Sadık Ahmet, aliyekwisha kuchaguliwa mbunge mwaka 1989, alihukumiwa kifungo kwa sababu karatasi zake za uchaguzi ziliwaita watu wake Waturuki.

Mwaka 1991 aliasisi chama kidogo, jina lake Urafiki, Usawa na Amani. Lakini sheria ilikuwa imekwisha kuwekwa kwamba asiyepata asilimia 3 ya kura za nchi nzima hapati kiti, hata akiwa mgombea wa peke yake. Jamii yote ya Thrakia, wazee kwa watoto, haifikii hesabu hiyo! Mwaka 1993 alipata kura nyingi kwao, asirudi bungeni. Akafa kwa ajali ya gari tarehe 24 Julai 1995, siku ile ile ya mwezi uliotiwa sahihi Mkataba wa Lausanne.

Je, chama kisichoweza kushinda chafaa nini? Katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa mwaka 2014 kiliongoza katika wilaya za Rhodope na Xanthi, ingawa nchi nzima hakikufika asilimia 1. Apatae kiti huko bungeni Athens hupita katika vyama vikubwa. Bali kura ya chama hiki ni ushahidi tu, kama mtu aitikiaye jina lake aitwapo.

Na mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Ugiriki ilikosea kukivunja chama cha utamaduni cha Waturuki wa Xanthi, kilichoundwa mwaka 1927.

Vijana wetu na walitazame jambo hili: watu hawa hawakudai nchi nyingine. Wamedai kuwa raia wa Ugiriki, nao wakiitwa kwa jina lao.