Chupa ya Deneuve, kutoka Nguba hadi Kadutu

Juma hili kundi letu lilivuka Bukavu kwa mguu. Tulikuwa tunapeleka chupa ya manukato kwenye soko la Kadutu. Mama mzee mmoja wa kundi aliletewa chupa hiyo na ndugu yake aliyeishi Marekani. Sasa alitaka kuiuza ili alipe minervali ya mjukuu.

Manukato hayo yanaitwa Deneuve. Yalitoka mwaka 1986 kwa kampuni ya Avon, yakabeba jina la Catherine Deneuve, mcheza sinema wa Ufaransa. Leo hayatengenezwi tena.

Tukiwa Nguba, karibu na ziwa, kila mmoja alijitia tone moja mkononi. Harufu ya kwanza ilikuwa kali, kama limau lililokaa siku nyingi. Mama mzee akasema: "Imeisha kuharibika. Tuuze kioo tu." Lakini ndivyo chupa za zamani zilivyo. Harufu nyepesi, za limau na za majani mabichi, huharibika mbele ya zingine. Ndizo pia zinazoruka haraka kutoka kwenye ngozi, pamoja na alkoli. Ukingoja dakika 15 hivi, zinapisha njia.

Tulipofika Nyawera, katikati ya sambaza na makelele ya wachuuzi, maua yalianza kutokea: waridi, kisha yasmini. Tukapanda mlima wa Kadutu. Bukavu iko juu, karibu metre 1.500, na asubuhi ina baridi. Harufu hukaa kimya. Kupanda kulitutoa jasho, na joto la mwili likaisukuma nje.

Muuzaji alifungua kifuniko, akanusa mara moja, akataja bei ya chupa tupu. Tulimwomba anuse mkono wa mama mzee. Alinusa, akanyamaza, akaongeza bei mara tatu. Mama mzee naye akanusa tena, akairudisha chupa ndani ya kitambaa.

Minervali ilibaki kuwa deni. Tulikaa hapo hapo kando ya njia, tukakubaliana apewe zamu ya likelemba ya mwezi huu.

Jioni mikono yetu ilibaki na harufu ya pori lenye unyevu. Katika manukato ya namna hii inatoka kwenye uoto wa kijivu unaoshika magome ya mialoni ya Ulaya. Siku hizi watengenezaji wamewekewa mipaka ya kuutumia, kwa kuwa unawasha ngozi za watu wengine. Kwa hiyo hata wakiyarudisha, hayatakuwa yale yale.

Mama mwenye chupa ya zamani aiweke gizani, mahali pa baridi, mbali na dirisha na jiko. Na kabla ya kuiuza, asinuse kifuniko. Ajitie tone moja, aendelee na kazi zake, anuse tena saa sita mchana.