Picha Niliyoifunika

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Nilipokuwa mwanafunzi wa umri wako, msomaji mpenzi, niliona picha gazetini nikaifunika upesi kwa kiganja, maana ilinitisha. Ilikuwa imechapwa kwa ajili ya Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo huadhimishwa hapa kwetu na barani kote kila tarehe 16 Juni tangu mwaka 1991. Leo nataka kukiondoa kiganja kile, tuitazame pamoja.

Picha ilipigwa Soweto, Afrika ya Kusini, tarehe 16 Juni 1976. Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi waliandamana kupinga amri ya serikali ya makaburu kwamba hisabati na masomo mengine yafundishwe kwa Kiafrikana. Polisi wakawapiga risasi. Katika picha, kijana aitwaye Mbuyisa Makhubu anakuja mbio, amempakata Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Kando yao anakimbia Antoinette, dada yake Hector, kinywa wazi kwa kilio. Waandishi wa gazeti walimtia mtoto katika motokaa yao wakampeleka kliniki, lakini roho ilikuwa imekwisha kuacha mwili.

Mpigaji picha alikuwa Sam Nzima wa gazeti la The World. Alijua kuwa polisi wangemnyang'anya filamu, akaificha ndani ya soksi. Kwa hila hiyo ndogo ulimwengu ulipata shahidi. Serikali iliweza kuwaita wanafunzi wahuni, lakini haikuweza kumwondoa mtoto yule machoni pa watu.

Hata hivyo, usidhani kuwa picha husema yote. Kamera huona kutoka mahali iliposimama. Ikisimama nyuma ya bunduki, huona mawe yakija. Ikisimama kati ya watoto, huona mitutu. Basi kila uonapo picha ya ghasia, uliza mpigaji alisimama wapi, na jambo gani lilitangulia. Amri ile ya lugha haimo katika picha ya Nzima, na bila kuijua hutajua kwa nini watoto walikuwa njiani badala ya darasani.

Tena ushahidi huo ulilipiwa. Nzima aliandamwa na polisi, akaacha kazi, akarudi kijijini kwao. Gazeti lake lilipigwa marufuku mwaka 1977. Makhubu aliikimbia nchi yake. Barua yake ya mwisho kwa mama yake ilitoka Nijeria mwaka 1978, na nyumbani hakurudi tena.

Watu walimwita Makhubu shujaa, lakini mama yake hakulipokea jina hilo. Alieleza kuwa kwa desturi zao, kumwinua ndugu aliyeanguka si ushujaa bali ni wajibu. Maneno ya mama huyo yalinifundisha kutazama. Zamani niliona kifo tu, nikakifunika. Sasa naona pia mikono ya kijana iliyombeba mtoto asiye wa tumbo la mama yake, wakati ambapo angeweza kukimbia peke yake akaokoka. Aliyefyatua risasi haonekani, aliyebeba anaonekana. Tarehe 16 Juni ijayo utaiona picha hiyo tena. Usiifunike kama nilivyofanya mimi.