Mji wa Kale, Mombasa: Kufungua Mlango Si Kufungua Duka

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Mombasa na ukapata nusu siku ya kutembea, wenyeji watakuelekeza kwanza kwenye Ngome ya Yesu, wala hawatakosea. Ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikawa jela tangu 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Itazame kwa nafasi. Kisha uipe mgongo, uingie vichochoroni, kwa sababu habari ninayotaka kukupa haimo ngomeni, imo madukani.

Fuata Ndia Kuu. Jina hilo ni la Kimvita, maana ndia ni njia, nayo kweli ilikuwa njia kuu zamani, wakati mji mzima wa Mombasa ulikuwa huu. Mgeni aliyezoea barabara pana huenda akacheka, kwani mahali pengine mkokoteni ukipita mtu hana budi kujibanza ukutani. Juu kuna roshani za mbao zinazoinamiana kama jamaa wanaonong'onezana. Chini kuna milango ya nakshi, na nyuma ya milango hiyo, katika vyumba ambavyo baadhi yake zamani vilikuwa maghala, kuna maduka. Hapa fundi cherehani, pale mwuza kofia na kanzu. Mbele kidogo kinyozi, mwuza vinyago, mwuza halwa, na yule wa sukari na sabuni ambaye duka lake ni dirisha tu. Asubuhi utasikia harufu ya mahamri na mbaazi za nazi. Alasiri hutolewa karai za viazi na bakuli za ukwaju, na watoto hurudi chuoni midomo imekuwa myekundu kwa mabuyu. Usiku ni zamu ya kahawa tungu, mwuzaji na dele lake la shaba na makaa chini yake, na wazee wamekaa barazani wakiyapima mambo ya dunia.

Biashara hizi ndizo zilizofungwa mwaka 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi. Tarehe 27 mwezi huo ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, kafyu kama ilivyoitwa na kila mtu, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili ikakatazwa kuingia Mombasa wala kutoka. Kisha, tarehe 6 Mei, Mji wa Kale ukafungwa peke yake, pamoja na mtaa wa Eastleigh ulioko Nairobi: hakuna kutoka wala kuingia mtaani, na ndani yake masoko na mikahawa ifungwe. Ilipita mwezi mzima kabla amri hiyo kuondolewa mapema mwezi wa Juni.

Yafaa uikumbuke kalenda nyingine pia. Mwezi wa Ramadhani mwaka huo uliingia mwishoni mwa Aprili, na Idi ikawa tarehe 24 Mei. Kwa hiyo kufuli liliwekwa katikati ya Ramadhani, na asiyeijua Mombasa hawezi kuelewa maana yake. Huo ndio mwezi ambao kila nyumba ya pili huwa na meza mlangoni baada ya alasiri: kaimati, sambusa, bajia, vitumbua, tambi, mkate wa mofa. Wanawake ambao miezi kumi na mmoja hawahesabiwi kuwa wafanyabiashara, katika mwezi huo ndio wanaotegemewa. Faida yao ndiyo nguo za Idi za watoto na karo ya muhula unaofuata. Fundi cherehani naye hushona usiku kucha. Mwaka 2020 meza hazikutolewa, cherehani zilinyamaza, na swala ya tarawehe ikasaliwa majumbani.

Halafu mambo yakaanza kufunguliwa. Tangu tarehe 7 Juni kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku. Tarehe 7 Julai watu waliruhusiwa tena kuingia na kutoka Mombasa. Treni ya abiria kutoka Nairobi ilirejea tarehe 13 Julai, na ndege za nje tarehe 1 Agosti. Mtu akizisoma tarehe hizo gazetini, ndugu msomaji, atadhani kwamba mwenye duka alitwaa ufunguo wake, akafungua, akaketi kungoja wateja. Kufungua mlango ni jambo moja. Kufungua duka ni jingine kabisa, na hapa ndipo ningependa tusimame kidogo.

Tuchukulie mfano wa mpika mahamri. Kila siku anahitaji unga, sukari, nazi, hamira, iliki, mafuta na makaa. Tuseme vyote vyagharimu shilingi 2,000, naye jioni hukusanya shilingi 2,700. Zile 700 ni za chakula cha nyumba. Zile 2,000 si zake hata kidogo. Ni za kesho. Mtaji wa biashara ndogo ndio huo tu: fedha za kesho zilizolala chini ya mto. Sasa mfungie mlango mwezi mmoja, na watoto wale. Atakula nini kama si kesho yake? Siku anaporuhusiwa kufungua, jiko analo, mikono anayo, na wateja wamesimama mlangoni, bali zile 2,000 hazipo. Mtoto wa jirani aja na bakuli, «Mama, mahamri kumi.» Naye ajibu, «Leo hayapo, mwanangu,» na kesho ajibu vivyo hivyo, mpaka bakuli lile lizoee kwenda kwingine.

Mwenye duka la vyakula alikuwa na ugonjwa wa namna nyingine. Yeye alikuwa na daftari. Katika mitaa hii kukopa dukani si aibu, ni desturi. Kijana husema, «Ami, niandikie,» na mzee, akiwa anapima sukari, husema, «Andika mwenyewe, mwanangu, kalamu hiyo hapo.» Katika miezi ya kufungwa daftari lile lililisha nyumba nyingi, bila mkutano na bila hotuba. Lakini kila mstari ulioandikwa ni mfuko wa mchele uliotoka na fedha zisizoingia, na baada ya muda rafu zikawa zinaonyesha mbao.

Tena deni lina tabia mbaya moja. Anayedaiwa huona haya, akapita kichochoro kingine. Na kwa kuwa bado anahitaji sukari, ataenda kuinunua kwa fedha taslimu katika duka la mbali ambako hadaiwi. Hivyo mzee yule hupoteza mara mbili: deni halilipwi, na mteja hamwoni. Ndiyo maana nasema, hata kama neno hili litamchoma mtu, kwamba msaada wa kwanza kwa duka la mtaani ni kulipa ulichoandikiwa. Si lazima kulipa chote. Mwenye kudaiwa 3,000 akipeleka 200 kila Ijumaa, tena akanunua chumvi papo hapo kwa fedha mkononi, amefanya kazi kubwa kuliko atakayefika na bahasha ya hisani ilhali jina lake limo daftarini ukurasa wa tatu.

Msaada wa pili Waswahili wanao tangu zamani, nao huitwa mali kauli. Mwenye mali ya jumla humpa mwuzaji mdogo bidhaa kwa neno lake tu, bila hati wala dhamana. Auze, kisha arudishe thamani na abaki na faida. Kwa yule mpika mahamri, gunia moja la unga kwa mali kauli lafaa kuliko mkopo wenye fomu za kurasa sita, kwa kuwa unga hauwezi kuishia kwenye dawa ya mtoto wala kodi ya nyumba; hauna njia nyingine isipokuwa karai. Tatizo ni kwamba mwenye mali ya jumla naye alikuwa na daftari lake, limejaa vilevile. Mali kauli hufufuka polepole: nusu gunia kwanza, likirudi salama gunia zima.

Kuna pia vyama vya akina mama, au mchezo kama wengine wauitavyo, ambapo kila mmoja hutoa kiasi fulani kila wiki na mmoja akapokea chungu chote. Katika nyakati za kawaida zamu hupigiwa kura. Baada ya dhiki kama ile, kanuni iliyo bora ni kumpa zamu ya kwanza yule ambaye jiko lake limepoa kabisa. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika, maana kila mwanachama ana shida yake, na anayepokea mwanzo aweza kushindwa kuchangia mwisho.

Kodi ya chumba ni habari nyingine. Mwenye nyumba akisema «nitangoja» amefanya wema, lakini kodi ya miezi mitatu iliyongojwa ni deni la miezi mitatu, na duka linalofunguliwa likiwa na deni hilo mlangoni huwa linamfanyia kazi mwenye nyumba mpaka mwaka uishe. Kusamehe hata mwezi mmoja ni tofauti kubwa. Simlaumu kila mwenye nyumba. Baadhi yao ni wajane ambao hawana pato lingine.

Serikali nayo haikukaa kimya. Tangu tarehe 1 Aprili 2020 kodi ya ongezeko la thamani ilipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14, mpaka mwisho wa mwaka ule, na kodi ya mauzo ikashushwa kutoka asilimia 3 hadi 1. Mwezi wa Mei zikatajwa shilingi bilioni 3 za kuanzisha mfuko wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo. Yote mema. Lakini mwuza viazi karai hafikii kiwango cha kutozwa kodi ya mauzo, na benki haimjui. Jambo lililomfikia hasa ni dogo zaidi: kutuma fedha kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 kulikuwa bila ada mpaka Desemba 2020. Jirani aliyekuwa amejifungia ndani aliweza kumlipa shilingi 50 pasipo kukatwa kitu.

Sasa nimrudie mwuza kahawa, kwa sababu yeye husahauliwa. Hao wengine walipofungua mwaka 2020, yeye hakufungua. Biashara yake ni ya usiku, baada ya swala ya Isha, na saa tatu kila mtu alitakiwa awe ndani. Mwishoni mwa Septemba 2020 kafyu ilisogezwa hadi saa tano, mwezi wa Novemba ikarudishwa saa nne. Iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, karibu miezi kumi na tisa tangu ianze. Ramadhani mbili zilikuwa zimepita bila usiku wake wa desturi, na ya kwanza isiyokuwa na kafyu ikawa ile iliyoingia mwanzoni mwa Aprili 2022. Muda wote huo mtu wa dele hufanya nini? Aliweza kuuza alasiri, lakini kahawa ya alasiri haina mazungumzo marefu, na bila mazungumzo hakuna kikombe cha pili. Kijana mwenye nguvu angeweza kwenda kubeba mizigo bandarini au kuendesha pikipiki. Mzee hana pa kwenda.

Na hata usiku uliporejea, mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 2022 ulikuja na vita vya Ukraine, na bei za unga wa ngano na mafuta ya kupikia zikapanda sana. Mwuza mahamri alikuwa na njia mbili: kupandisha bei, au kulipunguza hamri lenyewe. Ukilipokea dogo, usilitazame kwa dharau.

Basi ukienda, ndugu msomaji, nenda mara mbili. Mchana tembea Ndia Kuu na barabara ya Mbarak Ali Hinawy, uuone msikiti wa Mandhry na mnara wake mweupe, kisha ushuke hadi bandari ya zamani. Kama wataka kikoi au kofia, inunue hapo hapo mtaani, kwa yule aliyeishona ikiwezekana, wala usingoje duka la hoteli. Kwenye vinyago pataneni bei kama ilivyo ada. Kwenye bajia na mabuyu toa kinachotajwa, kwani hakuna mtu aliyetajirika kwa mabuyu.

Usiku rudi baada ya Isha, ukae barazani. Kama hujui unywaji wake, kahawa tungu hainyweki haraka. Ishike kwa vidole viwili, uile na kipande cha halwa au tende, na ukitaka kingine inyoshe tu kikombe. Hesabu mwenyewe vikombe ulivyokunywa, kwa kuwa mwuzaji hatakuhesabia. Ataamini idadi utakayoitaja. Na uwe na fedha ndogo ndogo. Noti ya 1,000 saa tatu usiku humfanya aliache dele lake juu ya makaa, aende akitafuta chenji mlango hadi mlango.