Mama Anayelea Wanawe Kinywani: Kutoka Mbarara hadi Ziwa Nakivale

Ndugu msomaji, atokaye mjini Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale hushika barabara ya Isingiro, akaziacha nyuma kelele za soko na kituo cha magari, akaingia katika nchi ya vilima na migomba. Migomba hiyo hupanda kilima na kushuka kilima, na palipobaki nyasi ng'ombe wa Ankole huonekana wakitembea polepole chini ya uzito wa pembe zao ndefu. Kisha lami humalizika, vumbi jekundu huanza, na msafiri hana budi kufunga dirisha ijapokuwa jua ni kali.

Niliifanya safari hiyo kwa kazi ya ofisi. Lakini nilikuwa na haja nyingine ambayo sikuiandika katika fomu ya safari. Nilitaka kumwuliza mtu ajuaye habari za samaki aliyekula mayai yake mwenyewe, ama hivyo ndivyo nilivyodhani wakati ule.

Kisa chenyewe kilianza nyumbani. Jirani yangu, askari polisi, alipopata uhamisho aliniachia tangi la kioo la samaki, kwa kuwa halikuweza kupakiwa katika lori pamoja na magodoro na masufuria. Ndani yake walikaa samaki wa aina mbalimbali: nkejje wanane, ambao ndugu zetu wa Mwanza huwaita furu, ngege wachanga wawili, na kambare mmoja mwenye masharubu aliyejificha mchana kutwa. Jirani alinieleza kwamba nkejje hao aliwapata Entebbe, kwenye Ziwa Victoria, akaniusia niwape chakula kidogo asubuhi na jioni, kisha akaagana nasi.

Baada ya mwezi mmoja, nkejje mmoja jike aliacha kula. Alijitenga pembeni, koo lake likavimba kama la mtoto mwenye matumbwitumbwi, na taya zake zikawa zinatafuna daima ingawa hakutia kitu kinywani. Binti yangu wa miaka minane aliniuliza, "Baba, anatafuna nini?" Sikuwa na jibu. Nikaamua kwamba ni ugonjwa, nikachukua wavu mdogo ili nimtoe nimtenge katika ndoo. Nilipomwinua, alifunua kinywa, na vitu vya duara vyenye rangi ya manjano vikamwagika majini mfano wa shanga. Yalikuwa mayai. Kabla sijaushusha wavu, wale wenzake walikwisha kuyameza yote.

Nilisimama na wavu mkononi. Nilijiambia kwamba mama yule alikuwa mwovu, akila mayai yake kwa siri, na kwamba mimi nilimfumania. Mtu huona haya kukiri kosa lake, hasa akiwa amesomea ualimu. Lakini nitakiri, kwa maana mwovu hakuwa yule samaki.

Kando ya ziwa

Makazi ya Nakivale ni ya zamani kuliko wengi wetu tusomao ukurasa huu. Yalifunguliwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, siku za wakimbizi waliotoka Rwanda. Tangu wakati huo yamepokea watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Kwa sababu hiyo Kiswahili husikika huko kila mahali, tena kwa lafudhi nyingi: cha Bujumbura, cha Bukavu, cha Uvira. Mwenye duka Msomali na mteja wake Mrundi hupatana bei kwacho.

Ziwa lenyewe ni la maji ya kina kifupi, limezungukwa na mafunjo, na viboko hukaa humo. Mto Rwizi, huo huo tunaouvuka pale Mbarara mjini, hulilisha pamoja na Ziwa Mburo na maziwa madogo ya jirani. Mwaka 2006 maziwa ya Mburo na Nakivale pamoja na mabwawa yake yaliandikwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye thamani kubwa. Sababu mojawapo ni kwamba humo wamo samaki wa jamii ya ngege na nkejje, yaani ukoo wa sikilidi, ambao wametoweka katika maziwa makubwa. Nchi iliyowahifadhi watu waliokimbia vita inahifadhi pia samaki waliopoteza kwao.

Nilifika mwaloni asubuhi, mitumbwi ikirudi. Mama mmoja mchuuzi alikuwa akichagua ngege, akimshika kila mmoja chini ya taya na kumtazama macho. Alipombonyeza ngege mmoja koo, mayai yalimtoka samaki yule kinywani yakaanguka mchangani. Nilishtuka, nikasema, "Huyu naye anakula mayai yake!"

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alicheka. Alikuwa mtu wa Fizi, pwani ya Ziwa Tanganyika, na nyavu amezishika tangu utoto. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Hapana, mwalimu. Ile iko na batoto mu kinywa."

"Watoto, mzee?"

"Watoto. Hiyo ni nyumba yao."

Nikaketi karibu naye, naye akanieleza. Ngege dume huchimba shimo mchangani mfano wa sahani, akalilinda dhidi ya madume wengine. Jike huja, hutaga humo, kisha huyachukua mayai kwa kinywa chake na kwenda zake, akimwacha dume na shimo lake. Kuanzia hapo analea peke yake. Mayai huanguliwa mumo humo kinywani baada ya siku chache, na wana huendelea kukaa humo mpaka kiini walichozaliwa nacho tumboni kimekwisha. Kule kutafuna nilikokuona ndiko kuyageuza mayai ili yapate hewa na yasioze. Katika muda wote huo, unaokaribia wiki mbili au tatu, mama hali, au hula kidogo mno. Anakonda huku shibe ikipita mbele ya macho yake.

Akaongeza habari ya kuhe wa Tanganyika, aliye miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa ukoo huu. Kuhe haweki mayai kinywani. Baba na mama huyalinda pamoja, na wanapoanguliwa vifaranga huwazunguka usiku na mchana, wasiache pengo la adui kupita. "Kila samaki ana namna yake ya kulea," akasema mzee. "Sisi wavuvi hujua namna zao, ila njaa hutusahaulisha."

Neno hilo la njaa hakulisema kwa mzaha. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda umepunguzwa zaidi ya mara moja. Mtu mwenye watoto sita na shamba dogo, mvua ikichelewa, hutazama ziwa. Anayeshindwa kununua wavu wa halali hununua wa matundu madogo, au huutandaza katika maji ya pembeni penye mafunjo, ambako ngege hutaga na kulelea. Sheria za uvuvi zinataka wavu wa ngege uwe na matundu yasiyopungua inchi 5, nazo zina hekima yake: samaki mdogo hupita, akapata nafasi ya kuzaa. Lakini avuliwapo mama mwenye mayai kinywani, hajavuliwa samaki mmoja. Umevuliwa ukoo mzima.

Nilimwuliza yule mama mchuuzi anasemaje. Alijibu bila kuinua macho, "Nikimkataa huyu, mwingine atamnunua. Wakatazwe huko majini, si hapa kwenye beseni." Akayakusanya mayai yaliyoanguka, akayatupa majini. Mzee hakusema kitu. Alijua kama nilivyojua kwamba mayai hayo hayawezi kuishi nje ya kinywa cha mama yao.

Kulea katika tangi la mchanganyiko

Niliporudi Mbarara sikuchukua muda kupata nafasi ya kujirekebisha. Wiki chache baadaye jike yule yule alivimba koo tena. Safari hii nilijua alichofanya. Dume wa nkejje ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana kabisa na mayai. Jike akishayazoa mayai yake hujaribu kuyazoa na madoa hayo, na hapo ndipo mbegu za dume huingia kinywani na kuyarutubisha mayai. Ama kweli maumbile yana mafumbo.

Ningependa kueleza niliyoyafanya, kwa kuwa ziko nyumba nyingi, hata za kambini, zenye tangi la samaki wa mchanganyiko.

Kwanza, sikumgusa. Katika siku za mwanzo mama akishtuliwa huyatema mayai au huyameza. Nilifunika upande mmoja wa tangi kwa gazeti, nikawakataza watoto kugonga kioo. Binti yangu alitia alama kwenye kalenda kila siku.

Pili, nilitayarisha tangi dogo la lita 40, likiwa na mawe laini na vipande vya chungu kilichovunjika, vifaranga wapate pa kujificha. Maji niliyotia nusu yake yalitoka katika tangi kubwa, ili mama asione ugeni. Maji ya bomba yana klorini. Niliyaacha katika ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Mbarara iko zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi, ilhali samaki hawa hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 27. Aliye na hita ya tangi aitumie. Mimi niliweka tangi mbali na mlango na kulizungushia blanketi kila jioni. Mdomo wa chujio niliufunga kwa sponji, usije ukawavuta wadogo.

Tatu, siku ya 12, usiku taa zikiwa zimezimwa, nilimhamisha. Sikutumia wavu. Nilizamisha bakuli, nikamsukuma taratibu aingie, nikamchukua pamoja na maji yake. Hakutema hata mmoja.

Siku ya 17 asubuhi binti yangu alipiga kelele hata majirani wakatoka nje. Vifaranga 23, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, walikuwa wakielea mbele ya uso wa mama yao. Mke wangu aliposogea karibu, mama alifunua kinywa, nao wakaingia wote kwa mkupuo mmoja mlango ukafungwa. Tulikaa kimya, tukangoja mpaka akawatoa tena.

Baada ya siku nne wana walikuwa hawarudi tena kinywani. Nikamtoa mama, nikamweka peke yake wiki moja na kumlisha kidogo kidogo apate nguvu, kwani mama aliyefunga muda mrefu akirudishwa mara moja kati ya wenzake huonewa. Vifaranga niliwapa unga wa mukene uliotwangwa laini, na siku nyingine kiini cha yai la kuchemsha kilichopitishwa kitambaani, kiasi cha ncha ya kisu mara tatu kwa siku. Mabaki niliyafyonza kwa mpira, maana chakula kilichooza huua haraka kuliko njaa. Kila wiki nilibadilisha robo ya maji. Katika 23, walikua 19.

Wema usiofaa

Hapo ndipo nilipokaribia kutenda kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nkejje 19 hawaenei katika tangi langu. Nikawaza: kwa nini nisiwapeleke darajani nikawaachia katika Rwizi? Mto huo huenda Nakivale; nami nitakuwa nimerudisha kidogo katika ziwa lile. Nilikwisha kuosha ndoo.

Nilipokuwa nikiiosha nilikumbuka maneno ya jirani yangu kwamba samaki hawa asili yao ni Entebbe. Si watu wa Nakivale. Wangeweza kupeleka magonjwa, au kuchanganya uzazi na aina zilizoko huko, zile zile ambazo ulimwengu umeandika zilindwe. Sisi tunajua gharama ya kumwaga samaki mgeni ziwani. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, kwa nia ya kuongeza kitoweo. Katika miaka ya 1980 alienea ziwa zima, na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200 zikapotea. Baadhi ya waliosalia wametunzwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, mbali na maji yao. Sangara ameleta fedha, hilo halikanushwi; lakini waliopotea hawarudishwi kwa ndoo.

Basi niligawa. Sita nilipeleka shule ya msingi iliyo jirani, saba nikampa askari mmoja mwenye watoto wanaopenda wanyama, waliobaki nikawaacha nyumbani. Kila niliyempa nilimpa kwa sharti moja: akichoka nao anirudishie, asiwamwage mtoni wala bwawani.

Ndugu msomaji, mwaka 2017 askari wetu walipewa kazi ya kulinda uvuvi katika maziwa ya Uganda, na pengine wewe ulikuwa mmoja wao. Nyavu haramu zitakamatwa na kuchomwa. Lakini mtu aliyeshikwa na njaa atatafuta nyingine. Heri tumfundishe na mtoto wa mvuvi, na mtoto wa askari, kumtambua mama mwenye koo lililovimba, ili siku atakapomkuta wavuni, akiwa bado hai na ziwa li karibu, ajue anachokishika. Tangi moja la kioo katika darasa linatosha kwa somo hilo.

Niliporudi Nakivale mara ya pili nilimtafuta yule mzee wa Fizi nikamweleza habari ya wale 19. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Na mama yao, alipona?"

Nikamjibu kwamba alipona, na kwamba siku hizi anakula vizuri.